Sura ya Marehemu Mezani

Lorene Stuckey alishona suruali za maklauni kwa miaka arobaini na mmoja, na mtu yeyote wa Tolliver atakwambia kwamba Indiana nzima hapakuwa na mwanamke aliyejua kupachika kiraka kama yeye. Kiraka cha klauni si kiraka cha shida. Hakishonwi palipochanika, hushonwa pale patakapoonekana na mtu aliyekaa nyuma kabisa akitafuna bisi, na rangi yake lazima igombane na rangi ya suruali. Lorene alilijua hilo, akalifanya, akazeeka nalo.

Tolliver ni mji wa sarakasi, au tuseme ulikuwa. Makampuni makubwa yaliondoka zamani, wakabaki watu. Mjukuu wa mrusha visu anauza bima, na binti wa mfuga simba anang'oa meno. Kila Julai wanaikumbuka asili yao kwa wiki moja, wanapanda kamba na kuvunjika mikono, kisha wanarudi kazini.

Mumewe, Virgil, siku za kazi aliendesha lori la mahindi la Merle Dacey, na Julai aligeuka Soksi. Soksi alikuwa klauni bubu. Wapo maklauni wanaosema na wapo wasiosema, na asiyesema hasemi tangu rangi iingie usoni mpaka itoke, hata akanyagwe na farasi. Akitaka kukuonyesha kwamba amekusikia, Soksi aliweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa upande wa kushoto, basi. Mwaka mmoja mafuta ya kukaangia bisi yalimmwagikia mkononi, ngozi ikachubuka, na Virgil akasimama palepale akiwapungia watoto mkono ule mwingine. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lorene ndiye aliyemfunga bandeji, na siku ile alimpenda kuliko siku ya harusi.

Sasa sikiliza habari ya mayai, maana bila hiyo hutaelewa kosa lilianzia wapi. Kila klauni wa Tolliver ana sura yake, na sura hiyo ni mali yake kama shamba lilivyo mali ya mwenye hati. Huchorwa juu ya ganda la yai lililotobolewa na kumwagwa kilichomo, na yai likawekwa kwenye kabati la kioo katika ukumbi wa chama chao. Mchoraji alikuwa Lorene. Mwenye sura akifa, mjane wake hulipasua yai lile juu ya jeneza mbele ya wote, na hakuna atakayeivaa tena sura hiyo. Wamewahi kulia hapo wanaume wenye vifua kama milango, waliposikia ule mlio mdogo wa ganda.

Virgil alikufa Februari, kwa ugonjwa wa ini. Lorene alipasua yai, kila mtu akasikia, kila mtu akalia. Halikuwa yai lake. Asubuhi ile, kabla gari la mazishi halijafika, alikuwa amechora jingine pale jikoni, akaenda nalo makaburini kwenye mkoba, na yai la kweli likabaki kwenye kopo la sukari. Hakuwa na hila yoyote kichwani. Alikuwa mwanamke aliyefiwa, na hakuona sababu ya kumuua mumewe mara ya pili kwa mkono wake mwenyewe.

Septemba mashine yake ya kufulia iliharibika, na fundi aliyekuja alikuwa Dwight Pelfrey. Dwight alikuwa na miaka arobaini na tisa, alilala kwenye chumba cha nyuma cha duka la dobi, na kwa muda mrefu alikuwa akiomba kuingia chama cha maklauni. Walimkatalia mara tatu. Hachekeshi, walisema, na kweli hakuchekesha. Alikuwa na namna ya kukutazama kama anayengoja umalizie sentensi uliyokwisha kuimaliza. Lakini alipoinama kufungua skrubu, Lorene aliuona utaya wake kutoka upande, na moyo ukampasuka. Ulikuwa utaya wa Virgil.

Akamwambia. Aliona aibu kama msichana, lakini akamwambia: njoo Alhamisi saa kumi na moja jioni, nikupake rangi, ule chakula changu, usiseme neno. Dwight alifikiri kidogo, akauliza kama atavaa na viatu vyenyewe. Lorene akampa na viatu.

Basi Alhamisi zikaanza. Lorene alioka mkate wa nyama, akaponda viazi, akachemsha maharagwe mabichi, na ng'ambo ya meza aliketi Soksi, mzima, akila. Lorene alimfundisha kila kitu. Alimfundisha hata kuacha upenyo mdogo usiopakwa rangi chini ya kidevu, kwa sababu Virgil alikuwa na kovu pale ambalo rangi ililiwasha, na upenyo ule haumo kwenye yai wala kwenye bango lolote la sarakasi. Kufika Krismasi Dwight alikuwa akijipaka mwenyewe, anakuja na lori lake dogo akiwa tayari Soksi, na Lorene humsikia mlangoni, akavua aproni, akapaka mdomo. Akiwa na rangi usoni hakumwita Dwight kamwe.

Na kwa kuwa mezani alikuwepo mmoja tu wa kusema, Lorene alisema. Ulimi hauna mfupa, na wa mjane aliyekaa kimya wiki nzima ndio kabisa. Alimweleza mumewe nani kaja na nani hakuja, nani kamdharau, nani kamsahau. Alimsema Merle Dacey, aliyemwachisha Virgil kazi wiki ileile majibu ya hospitali yalipotoka. Alimsema Opal Rudd, mwalimu mstaafu aliyesali naye kanisa moja, kwa jambo dogo hata kulitaja ni aibu. Alimsema mchungaji, alimsema mleta barua. Soksi aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kushoto. Kwa Lorene hiyo ilikuwa raha tupu, kama kuvua kiatu kinachobana.

Aprili walimkuta Merle Dacey kwenye kiti cha ofisi yake ya mahindi, amekufa, kinywa kimejazwa punje mpaka mashavu yamevimba, na juu ya midomo yake amechorwa tabasamu jekundu linalofika masikioni. Watu walisema Merle alikuwa na maadui kama mbwa alivyo na viroboto, na walikuwa sahihi. Lorene aliomba Mungu amrehemu, akaendelea kushona.

Juni wakamkuta Opal Rudd chini ya kamba yake ya kuanikia nguo, saa tano za asubuhi, jua linawaka, shuka zikipepea juu yake. Alinyongwa kwa kipande cha kamba ileile. Naye alikuwa anatabasamu kwa rangi nyekundu. Safari hii kamera ya mlango wa jirani ilimnasa mtu, klauni mwenye viatu virefu, anakatiza kwenye majani bila haraka, amebeba kiti cha kukunja. Alikuwa ameketi pale karibu nusu saa, akimtazama mama wa watu anavyoanika.

Renner, mkuu wa polisi wa kaunti, aliipeleka picha ile kwanza kwa wazee wa chama. Mwenyekiti wao, Hobart Kinsey, alivaa miwani, akaitazama, akairudisha kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Alikiri kwamba inafanana na Soksi. Lakini yai la Soksi lilipasuliwa, alisema, sote tulisikia, na hakuna mtu wa Tolliver atakayeivaa sura ya maiti, hayupo. Huyo ni mgeni aliyeiga kwenye bango la zamani. Wenzake wakaapa vilevile. Polisi wakaamini, maana nani anaijua kazi kuliko wenye kazi, wakaenda kuwasaka wafanyakazi wa maonyesho ya bembea yaliyokuwa kaunti ya jirani. Siku nne wakamshikilia mvulana mmoja muuza peremende.

Jumatatu Renner alifika kwa Lorene, kwa sababu ya utaratibu tu. Akaweka picha juu ya meza ya cherehani.

"Bi Lorene, wewe ndiye unayezichora. Hii ni ya nani?"

Picha ilikuwa na ukungu, lakini klauni alikuwa ameinua kichwa kuangalia namba ya nyumba, na chini ya kidevu upenyo ulionekana. Lorene aliuona kabla hajaona kitu kingine. Aliuona, na akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu vizuri kabisa:

"Siijui, afande. Wameiga."

Usiniulize kwa nini. Au uliza, nitakwambia: akisema, Alhamisi zinakwisha. Akisema, atasimama mbele ya mji mzima na kukiri kwamba alidanganya juu ya jeneza, na kwamba kwa miezi tisa amekuwa akimvisha fundi wa mashine uso wa mumewe na kumpikia. Kwa siku tatu alijiambia kwamba labda Dwight aliibiwa viatu, labda alipita tu, labda kamera. Mtu hujua, halafu hujifanya hajui, na kazi hiyo inachosha kuliko kufua mablanketi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alhamisi saa kumi alasiri alikuwa akikanda nyama ya kusaga na vitunguu, akajikuta anapanga maneno atakayomwambia Soksi jioni. Ndipo mikono ikasimama ndani ya bakuli. Merle alimsema Machi. Opal alimsema Mei. Kila aliyemsema kwa uchungu mpaka akalia, huyo ndiye aliyekufa, kwa mfuatano uleule. Na Alhamisi iliyopita alilia tena. Alimsema mdogo wake wa tumbo moja, Glenda, aliyetaka auze nyumba na nguo za Soksi zipelekwe kanisani kwa maskini. Alimwambia Soksi kwamba Glenda hakuwahi kumpenda Virgil. Alimwambia, Mungu wangu, hata kwamba Glenda siku hizi anaishi peke yake na hurudi kutoka saluni Alhamisi saa kumi na mbili kamili.

Alipiga simu nyumbani kwa Glenda, ikaita mpaka ikachoka. Saluni wakasema ameshatoka, kaenda kununua mboga. Akampigia tena, na tena. Kisha, akiwa na mafuta ya nyama mpaka kwenye viwiko, akampigia Renner, na hakuzunguka.

"Ile sura ni ya mume wangu. Yai nililopasua lilikuwa jingine. Mimi ndiye niliyempa Dwight Pelfrey sura hiyo, na leo atamfuata mdogo wangu Glenda. Saa kumi na moja atakuwa hapa kwangu."

Renner akasema yupo mwisho wa kaunti na askari wake wote, lori la maziwa limepinduka na barabara imefungwa, hawezi kufika kabla ya kumi na mbili kasorobo, labda na zaidi. Akamwambia afunge mlango asimfungulie. Lorene akajibu kwamba asipomfungulia ataenda moja kwa moja kwa Glenda. Akakata simu, akanawa mikono, akaweka nyama kwenye oveni. Alijua kuwa kazi yake sasa ni moja: kumweka yule mtu kitini.

Alifika saa kumi na moja kamili, na viatu vyake vikapiga ngazi za baraza kama kawaida. Lorene alifungua. Uso ulikuwa umepakwa vizuri, vizuri mno, na kwa mara ya kwanza aliutazama ukamwogopesha, kwa sababu macho yaliyokuwa ndani yake hayakuwa yamebadilika hata kidogo. Ni yeye tu aliyekuwa hajayatazama.

Alipakua. Yeye alikula kidogo, Soksi alikula vyote. Lorene akaanza kurudisha maneno yake, moja moja, kama mtu anayeokota pini kwenye zulia. Alisema mchungaji alimjia mara tatu hospitali, alisahau tu kumweleza. Mleta barua ana mgongo, masikini, ndiyo maana anachelewa.

"Na Glenda mdogo wangu hana baya," alisema. "Ana mdomo tu. Alipokufa Virgil alilala kwangu wiki mbili, akinipikia uji. Sikukwambia hilo."

Soksi aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa. Lakini hakikuinama kushoto. Kiliinama kulia, taratibu, kama cha mtu mzima anayemsikia mtoto akidanganya. Alifuta midomo pembeni bila kuharibu rangi. Akakunja kitambaa mara nne. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja na dakika thelathini na tano, na kutoka pale hadi kwa Glenda ni mwendo wa dakika kumi. Akasimama.

"Keti, Dwight," alisema Lorene.

Jina lile lilimgonga. Alibaki ameshika mgongo wa kiti.

"Keti. Yuko mmoja sijakutajia. Aliyemkosea Virgil kuliko wote."

Na hapo klauni bubu akasema, kwa sauti nyembamba ya mtu anayeuliza bei. "Nani?"

"Mimi."

Akaketi.

Lorene akamweleza, na hili hakulitunga kwa ajili ya kupoteza wakati. Alikuwa hajawahi kumweleza mtu. Miezi miwili ya mwisho uso wa Virgil ulikuwa wa njano, umekonda, macho yameingia ndani, na yeye hakuweza kuutazama. Hakuweza, basi. Kwa hiyo kila asubuhi alimpaka rangi. Alimwambia ni kwa ajili ya kumchangamsha, na Virgil, aliyekuwa mtu mwema, alikubali. Na akiwa na rangi hasemi; ndivyo alivyokuwa. Siku ya mwisho alimshika mkono Lorene, akaonyesha uso wake kwa kidole, akaonyesha taulo, mara mbili, mara tatu. Alitaka afutwe. Alikuwa na neno. Lorene alimwambia pumzika kwanza, mpenzi, baadaye. Hapakuwa na baadaye.

"Alitaka kusema nini?" aliuliza Dwight.

"Sijui. Sikumpa nafasi."

Dwight alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, yakichimba mifereji kwenye rangi nyeupe, na Lorene anasema hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba yalikuwa machozi ya kweli na ya huruma. Alitoa mfukoni kijiti chekundu cha rangi ya midomo. Akazunguka meza. Lorene hakukimbia. Alikuwa akihesabu dakika za Glenda, na kila dakika aliyokaa pale Dwight alikuwa hayuko kwingine. Dwight alimshika kidevu kwa kiganja cha joto, akamwinua uso kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuchora kwa uangalifu mkubwa, kutoka pembe ya mdomo kuelekea sikioni. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshateremka shingoni.

Alikuwa amemaliza upande mmoja Renner alipoingia na bastola. Dwight hakushindana. Aliweka kijiti mezani, kando ya chumvi, akanyoosha mikono, na tangu siku ile hajasema neno kwa polisi wala kwa wakili wala kwa daktari. Saa kumi na mbili na robo Glenda alipiga simu, akilalamika kwamba amekuta amepigiwa mara kumi na moja, kuna nini.

Glenda yu hai, basi tushukuru. Siku hizi huleta supu Jumapili, anaiweka juu ya jiko, anauliza habari za goti. Kuketi kwenye meza ile hakubali. Wazee wa chama walimwandikia Lorene barua ya mistari mitatu, nao wakachukua yai la Soksi wakalipasua wenyewe. Cherehani imefunikwa shuka.

Kesi ilianza Oktoba. Siku Lorene alipotoa ushahidi waliomsikiliza walikuwa wengi kuliko watazamaji wa sarakasi, na alisema yote, mayai, Alhamisi, nyama, maneno. Wakati wa mapumziko alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini na mwanamke mmoja wa makamo akaja kusimama mbele yake. Alikuwa Patrice, binti wa Opal Rudd. Glenda akainuka kumzuia, Lorene akamwashiria amwache.

"Sikuja kugombana, mama," alisema Patrice. "Nina swali moja. Kule ndani umesema ulimsema mama yangu, ila hawakukuuliza ulisemaje. Alikukosea nini?"

Lorene angeweza kusema hakumbuki. Alikumbuka.

"Alisema Virgil hakuwa anachekesha. Kwenye kikao cha kina mama, kanisani. Alisema hajawahi kumcheka hata siku moja."

Patrice alilizungusha neno hilo kichwani, na uso wake ukawa wa kitoto ghafla.

"Mama alikuwa anaogopa maklauni," alisema. "Tangu ana miaka minne. Kila Julai alikuwa anajifungia chooni mpaka gwaride lipite, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji. Lakini angemwambia nani, kwenye mji huu? Kwa hiyo alikuwa anasema hawachekeshi."

Akafunga vifungo vya koti lake. Lorene alifungua kinywa kusema pole, lakini Patrice hakulingoja neno hilo.